Waya wa Chandu

Umeme ulikatika Jumanne saa nne na robo asubuhi. Mtaa mzima wa Sikukuu, Kariakoo, ukasonya kwa pamoja, ukatoa majenereta yake barazani, ukaendelea na biashara. Mtu mmoja tu hakusonya. Uwesu, maarufu kwa jina la Injinia, alibaki ameinama mbele ya kompyuta ya watu, mdomo wazi, kidole kimeganda juu ya kitufe, kama mdokozi wa sukari aliyewashiwa taa. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa amezimiwa.

Kitendawili: hana shamba lakini anavuna, hana cherehani lakini anakata vitambaa vya watu, hana ofisi lakini ana mkoba. Umeshindwa? Basi nipe mji. Ukinipa Tabora nitakwenda, nitakula asali, nitarudi na kukwambia: mtoto wa mjini. Na Uwesu alikuwa mtoto wa mjini wa daraja la kwanza. Mwaka ule wa 2001, soko huria limenoga mpaka mitumba ya kompyuta inauzwa jirani na mitumba ya viatu, yeye alikuwa ameshauza dawa ya kunguni, bima ya bajaji ambazo hazijaingia nchini, na maji ya kuoshea nyota. Ujuzi wa kompyuta aliupata kwa kukaa karibu nao: aliuza karanga miezi minane chini ya dirisha la chuo kimoja cha kompyuta, na kilichopenya dirishani ndicho alichokijua. Kwenye mkoba wake mlikuwa na bisibisi mbili, kile kipimo cha daktari cha kusikilizia kifua, na sidii moja aliyopewa na mwanafunzi aliyeshindwa kulipa karanga. Ndani ya sidii hiyo mlikuwa na mfumo mzima wa kuendeshea kompyuta, unaogawiwa bure na Wazungu fulani wasiopenda pesa.

Kwa sidii hiyo ndivyo alivyomwingia Anselmi.

Anselmi alikuwa mtu wa Rombo, mwenye duka la kuchapa kadi: za harusi, za sendofu, za kipaimara, za arobaini. Alipenda vitu viwili duniani, vya bure na vya nusu bei, na kati ya hivyo viwili vya bure alivipenda zaidi.

“Mangi,” Uwesu alimwambia Anselmi asubuhi ile, kabla umeme haujakatika, “hivi kompyuta yako ina mfumo mmoja tu?”

“Kwani inatakiwa iwe na mingapi?”

“Wenzako wanaweka miwili. Ukiiwasha asubuhi inakuuliza, mzee, leo twende na upi? Ukichoka na huu unahamia ule. Mashine moja, kazi ya mbili. Ni kama kununua kuku ukakuta tumboni mna kuku mwingine, na amenona.”

“Na bei ya huyo kuku wa tumboni?”

“Bure. Mimi unanipa posho ya mkono tu.”

Mke wa Anselmi, Josepha, alikuwa kwenye meza ya kukatia karatasi. Aliinua uso. “Huu mmoja umetushinda nini hata tutafute wa pili?”

“Mama Allan, hizi zama za ushindani. Hata dawa ya meno siku hizi ziko aina arobaini, na meno ni yale yale.”

“Muache mtu afanye kazi,” Anselmi akamwambia mkewe. “Mwanamke na kompyuta wapi na wapi.”

Hapo pana jambo la kucheka, maana aliyekuwa akiifanyia kazi kompyuta ile ni Josepha. Anselmi alijua kuiwasha na kuifunika kitambaa. Josepha ndiye aliyekuwa akichora mapambo ya pembeni mwa kadi kwa kile kipanya, ua kwa ua, jani kwa jani, miaka mitatu sasa. Alikuwa na mapambo mia nne na kumi na mawili, na hakuna hata moja aliloliiba kwa mtu. La mwisho lilikuwa la maua ya asumini, kwa ajili ya bibi harusi mmoja wa Upanga aitwaye Sophia. Kadi mia nane, zichapwe Ijumaa, zichukuliwe Jumamosi saa sita. Sophia alikuwa amesema wazi: bila asumini ile, anahamia duka jingine.

Umeme ukarudi baada ya dakika arobaini. Kompyuta ikawaka vizuri tu, ikapiga mlio wake wa kawaida. Lakini pale palipokuwa na visanduku viwili, kimoja cha mfumo na kimoja cha kazi za Josepha, sasa palikuwa na kimoja. Cha kazi hakipo. Diski iliyokuwa na giga ishirini ilikuwa inasema kwa uso mkavu kwamba ina nane.

“Zangu ziko wapi?” Josepha akauliza.

Uwesu hakujua. Alichokijua ni kwamba mlango uko nyuma yake hatua nne, na kwamba katikati ya yeye na mlango amesimama Anselmi, ambaye ujana wake aliupitisha akibeba magunia ya mahindi. Mtu mwingine angetoa jasho. Uwesu alitoa kipimo cha daktari. Akakiweka kwenye masikio, akaisikiliza kompyuta kifuani, akaisikiliza mgongoni, akaufuata waya wake mpaka ukutani. Hapo ukutani ndipo riziki yake ilipokuwa imeandikwa.

Ukuta ule ulikuwa na tundu. Duka la Anselmi na la jirani yake Chandu zamani yalikuwa duka moja, likagawanywa, na mita ya umeme ikabaki upande wa Chandu. Kwa hiyo waya mmoja mzee, mweusi, mnene kama mkia wa ng’ombe, ulikuwa unatoka kwa Chandu, unapita tunduni, unawasha kwa Anselmi. Kariakoo hilo ni jambo la kawaida. Ukikata waya mmoja pale unaweza kuzimisha kinyozi, msikiti na muuza barafu. Na Chandu, jamani, naye alikuwa mchapa kadi. Yeye sifa yake ilikuwa tausi. Tausi wa Chandu walijulikana kutoka Kisutu mpaka Ilala.

“Mangi,” Uwesu akasema kwa sauti ya daktari anayetaka ndugu wa mgonjwa watoke nje kwanza, “umeme huu mnatumia na nani?”

“Na Chandu.”

“Na Chandu ana kompyuta?”

“Anayo.”

“Kubwa kuliko hii?”

“Wanasema.”

Uwesu akatikisa kichwa taratibu. “Aisee. Basi imekwisha. Umeme ulipokatika, mashine yako ilikuwa wazi, nimeifungua tumbo. Mashine kubwa ikivuta pumzi na ndogo iko wazi, kwenye waya mmoja, ndogo inanyonywa. Giga zako kumi na mbili zimevuka ukuta. Saa hizi ziko kwa Chandu zimekaa juu ya kiti.”

“Yesu na Maria!”

“Lakini usikonde. Kilichovuka kinarudishwa. Naweka mtambo wa kuvuta hapa tunduni. Tena,” akapunguza sauti, “mtambo ukiwa na nguvu, hauchagui. Unaweza kurudi na chako na kidogo cha jirani.”

Anselmi akalichungulia tundu la ukutani. Mtu mwema angesema, cha jirani sikitaki.

“Tausi nao wanavutika?” akauliza.

Akalipa nusu palepale. Nusu ya pili ilikuwa baada ya kazi, pamoja na chakula cha mchana cha fundi kila siku: samaki changu wa kukaanga wa soko la Feri, kwa sababu, alieleza Uwesu, kazi ya kuvuta inakausha macho.

Dakika kumi baadaye mtambo ulikuwa tayari: kipande cha waya, vibanio viwili vya nguo na kitambaa chekundu, vimefungwa juu ya ule waya wa Chandu. Na dakika kumi baada ya hapo, Uwesu alikuwa dukani kwa Chandu.

“Chandu bhai, shikamoo. Sikuja kwa biashara, nimekuja kwa dhamira. Jirani yako anakuvuta.”

Chandu alikuwa anakunywa chai ya maziwa. Mzee wa Kihindi wa miaka sitini, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. “Ananivuta kwenda wapi?”

Uwesu akamweleza habari ya waya, na nafasi ya diski inayovuka ukuta, na mtambo wenye kitambaa chekundu aliouona kwa macho yake. Chandu akaenda kuchungulia tunduni. Kitambaa chekundu kikamchungulia na yeye.

“Arre! Huyu Anselmi! Jana tu nimempa limau!”

“Lipo komeo,” Uwesu akasema, akatoa mkobani kiboksi cha bluu, gundi yake bado mbichi pande zote. “Unalichomeka upande wako. Hakitoki kitu.”

Chandu akalipindua mkononi, akalitikisa. Likalia kochokocho. “Kutoka hakitoki. Na kuingia?”

“Kuingia inategemea na mteja.”

“Basi,” Chandu akasema, akichungulia mlangoni kama kuna anayesikia, “upande wa kuingia acha wazi.” Akalipa papo hapo.

Unaona? Tapeli hana mbegu. Yeye ana jembe tu. Shamba ni la wenyewe, na mbolea wameshaweka.

Jumatano Uwesu alikuja mapema, akaingiza tena ile sidii. Ilikuwa lazima afanye kitu, maana mtu anayelipwa kwa kuvuta hawezi kukaa akisoma gazeti. Maandishi meupe yakapita kwenye kioo, mashine ikauliza swali kwa Kizungu, Uwesu akabonyeza ndiyo. Ikauliza tena, akabonyeza ndiyo. Alikuwa na desturi nzuri ya kukubaliana na mashine.

Josepha alisimama nyuma yake mikono kifuani. “Injinia, inauliza nini?”

“Inaomba ruhusa.”

“Ya kufanya nini?”

“Mama, ukienda hospitali unamuuliza daktari kila sindano?”

Josepha akatoka na ndoo, akaenda uani. Uani kulikuwa na bomba moja la maduka yote mawili, na hapo ndipo alipomkuta Alpa, binti wa Chandu, anasuuza vikombe vya chai. Alpa alikuwa na miaka ishirini na miwili, amemaliza chuo cha kompyuta. Ndiye aliyekuwa akiishughulikia mashine ya baba yake, ingawa baba yake naye alikuwa akiwaambia wateja kwamba anaifanyia kazi mwenyewe.

“Shikamoo, anti.”

“Marahaba, mwanangu. Baba mzima?”

“Mzima. Tangu alfajiri amekaa karibu na soketi anasubiri kitu kiingie.” Alpa akamtazama vizuri. “Anti, umelia?”

“Nani, mimi? Vitunguu.”

“Saa tatu asubuhi?”

Josepha akaketi juu ya ndoo akamweleza yote: sidii, umeme, kisanduku kilichopotea, asumini ya Sophia, mtambo. Alipofika kwenye giga zilizovuka ukuta, Alpa aliziba mdomo kwa kikombe, mabega yakitikisika. Kisha akaacha kucheka ghafla.

“Anti. Kitendawili.”

“Mwanangu, hivi nina moyo wa vitendawili leo?”

“Kitendawili!”

“Haya, tega.”

“Chumba kipo, vitanda vipo, wageni wamelala ndani, lakini mwenye hoteli anaapa hana chumba.”

Josepha akafikiri. Kwa vitendawili alikuwa hodari, lakini hiki kilimpita. “Nakupa mji. Chukua Kigamboni.”

“Nilikwenda Kigamboni, nikapanda pantoni pale Magogoni, nikafikia hotelini. Kumbe mapokezi pana ubao wa namba za vyumba, na mtu amefuta namba moja. Mwenye hoteli yeye anasoma ubao tu, hapandi ghorofani. Anti, hiyo ndiyo diski yako. Yule alipojaribu kuweka mfumo wa pili, umeme ukakatika akiwa anaandika upya ubao. Namba imefutika. Maua yako hayajaenda popote. Yamelala kitandani.”

Josepha akainuka kwenye ndoo. “Mia nne na kumi na mawili?”

“Yote. Naandika namba upya, tunaingia. Nusu saa tu, kwa disketi moja. Lakini yule bwana sasa hivi anafanya nini?”

“Ameweka ile sidii. Mashine inauliza, yeye anasema ndiyo.”

Kikombe kikamponyoka Alpa. “Anti! Hizo ndiyo zake, moja ikiangukia pabaya, inapangisha mgeni mwingine kwenye chumba hicho hicho. Wa kwanza anatupwa dirishani. Hapo hata mimi sitaweza. Mtoe kwenye ile mashine.”

Lakini kumtoa kwa njia gani? Josepha alimwambia mumewe palepale. Mumewe akasema Alpa ni mtoto wa Chandu, na Chandu ndiye aliyekula giga, hivyo lazima binti atetee tumbo la baba yake. Kwa akili ya Anselmi jambo lilikuwa limekaa sawa kabisa. Josepha akaenda zake. Aliporudi alikuta umeme umekatika tena, na kwa mara ya kwanza maishani akalishukuru giza la mchana. Ukarudi jioni, Uwesu ameshaondoka na Anselmi ameshaifunika mashine kitambaa.

Kesho yake, Alhamisi, saa sita na nusu, Uwesu aliisikiliza mashine kifuani, akajinyoosha. “Mangi, tuiache ivute yenyewe. Twende Feri.”

Walipopotea kona ya kwanza, Alpa aliingia kwa mlango wa uani na disketi ndani ya khanga. Josepha akafunga mlango wa mbele, akakaa nyuma ya kiti cha Alpa, rozari mkononi.

“Anti, unanipumulia shingoni.”

“Sipumui kabisa, mwanangu.”

Alpa akabonyeza, akasoma, akaguna, akabonyeza. Mara moja alisema “Mh,” na Josepha akaruka shanga tatu. Kisha kompyuta ikazimwa, ikawashwa, ikapiga mlio wake. Visanduku viwili. Josepha akakifungua cha pili. Ua la kwanza alilowahi kulichora, baya, petali sita upande mmoja na tatu upande wa pili, likamtazama. Akacheka huku anafuta pua. Akashuka mpaka chini kabisa: asumini.

“Iko nzima,” akasema. “Hata lile tawi nililolikosea.”

Kuna wanawake ambao hapo wangeshukuru wakachemsha ndizi. Josepha alikunja rozari, akaiweka mfukoni, akauliza, “Sasa huyu bwana akirudi?”

“Atasema amevuta yeye. Atadai nusu yake ya pili.”

“Na baba Allan atampa. Kisha atamwambia aendelee kuvuta mpaka apate tausi.” Josepha akamgeukia Alpa. “Mwanangu, hao tausi wa baba yako, huwezi kuniazima hata kidogo? Mpaka Jumamosi tu.”

Alpa akamtazama. Mjanja hufundishwa na mji, lakini mwanamke mwenye maua yake hufundishwa na hasira. Binti akatoka mbio, akarudi na disketi nyingine, na mara hii nyuma yake alikuwepo Chandu mwenyewe, ameshika kile kiboksi cha bluu kilichopasuliwa. Ndani yake mlikuwa na msumari na punje tisa za mahindi.

“Mimi,” Chandu akasema, “nimelinda mahindi siku mbili.”

Wakaketi watatu, wakapanga.

Saa nane na nusu wanaume walirudi, Uwesu anachokoa meno, ameshaandaa maneno: leo imevuta giga moja na nusu, kesho tuongeze. Akaketi, akaangalia kioo. Akaacha kuchokoa meno.

Visanduku viwili. Akafungua cha pili. Maua mia nne na kumi na mawili. Na chini ya maua, wametulia kama wapo nyumbani kwao, tausi kumi na wawili wa Chandu, mikia imechanua.

“Injinia!” Anselmi alipiga kelele mpaka wapita njia wakasimama. “Wewe ni mtu! Wewe ni shetani! Tausi!”

Uwesu alikuwa anamtazama tausi, na tausi anamtazama yeye. Alijua kwamba hakufanya kitu. Alijua kwamba mtambo ni vibanio viwili vya nguo. Akageuka polepole, akautazama ule waya mweusi ukutani, akauona kama hajapata kuuona. Mtu akitunga uongo, kisha uongo ukainuka, ukafunga kamba za viatu na kumpa mkono, afanye nini? Uwesu alifanya hesabu. Kama waya huu unavuta kutoka kwa Chandu, hautashindwa kuvuta kutoka maofisini, kule Posta, kwenye mashine kubwa kama makabati. Nafasi yote ya Bongo ingekuwa yake. Angeuza kwa kilo.

“Mangi,” akasema, akipiga mwayo wa uongo, “huu waya umechakaa. Ni hatari. Nitawawekea mpya, bure. Huu nautupa.”

“Waya ni wa Chandu,” Josepha akasema kutoka meza ya karatasi, bila kuinua uso.

Na Chandu, utadhani kaitwa, akaingia miwani imekaa upande. “Tausi wangu wako wapi? Kumi na wawili! Nimefungua mashine, hakuna! Huu waya, babu yangu aliuweka mwaka wa hamsini na moja. Kila siku alisema, usiunganishe na jirani, huu una tabia! Leo naukata. Naenda nao Magogoni, naurusha majini!”

“Usirushe!” Uwesu akaruka kwenye kiti.

“Kwa nini?”

“Samaki… Chandu bhai, utaua samaki. Niuzie mimi. Nitauharibu kitaalamu.”

“Baba, usiuze,” Alpa akasema mlangoni. “Ni kumbukumbu ya babu.”

“Nakurudishia ulichonipa cha komeo,” Uwesu akasema.

“Babu yangu alikuwa mtu mzuri sana,” Chandu akasema, akatoa leso.

“Na alichonipa Mangi juu yake.”

Sasa ikatokea kitu ambacho hakikuwa kwenye mpango. Anselmi, aliyekuwa hajui lolote, akajitupa mbele ya ukuta, mikono ameitanua. “Waya hauondoki! Mimi natoa zaidi! Waya umekaa kwangu miaka kumi na moja, umeshazoea!”

Alpa na Chandu wakatazamana. Uwesu, kuona mtu mwenye duka analilia waya, akaamini mara mbili. Akaweka mezani simu yake ya mkononi. Akaweka saa. Josepha alimwona mumewe anapapasa mfuko wa ndani wa koti, ule wa ada ya shule ya mtoto wao Allan, akaona sasa mchezo unakwenda kumla mwenyewe. Akamvuta pembeni.

“Baba Allan, fikiri. Chandu ana komeo. Sisi tuna nini? Waya ukibaki hapa, usiku wa leo tausi wanarudi kwao, na maua yanafuatana nao.”

Anselmi akabadilika rangi. Akautazama ukuta kama umemkodolea jicho. “Uondoke,” akasema. “Uondoke sasa hivi. Injinia, chukua, chukua!”

Chandu akazima mita, akaukata waya kwa heshima zote, akaukunja, akaufunga kitambaa chekundu. Uwesu alitoka nao begani, hana simu, hana saa, hana hata nauli, na uso wake uking’aa kama wa bwana harusi. Umeme wa duka la Anselmi ukaunganishwa jioni ile kwa waya mpya wa kawaida, usio na tabia. Bombani, Alpa alimkabidhi Josepha fungu lililotoka kwa Anselmi, na simu juu yake. Josepha hakuona sababu ya kumsumbua mumewe kwa habari ndogo ndogo. Kabla ya kulala akawafuta tausi wote kumi na wawili.

Ijumaa kutwa mashine ilichapa asumini. Harufu ya wino ilijaa mpaka barazani.

Jumamosi saa sita kasoro robo, Sophia wa Upanga alikuwa amesimama dukani na shangazi zake wawili, anapitisha kidole kwenye maua, anasema “Jamani, jamani,” na Josepha anajifanya kupanga bahasha ili asionekane anavyotabasamu. Hapo ndipo kelele zikasikika mtaani. Mbele alikuja Uwesu, nyusi moja imeungua, ule waya mweusi umemning’inia shingoni. Nyuma alikuja Bakili, mtu mnene mwenye duka la intaneti huko Mchikichini, na vijana wake wawili wanaofanya mazoezi ya kunyanyua vyuma.

“Ndiyo huyu, jamani?” Bakili akauliza. “Ndiyo Injinia wenu? Kaja kwangu jana na waya, anasema atanivutia nafasi kutoka ghorofa ya juu. Kaunganisha. Pwaa! Mashine kumi zimezima kama mishumaa!”

“Nirudishieni vitu vyangu!” Uwesu akalia. “Chandu! Mangi! Nafasi haivuki waya! Haijawahi kuvuka! Niliwadanganya, sawa? Niliwadanganya nyote! Mimi si injinia, mimi nauza karanga!”

Lilikuwa jambo zito: Uwesu alikuwa anasema kweli, kwa mara ya kwanza tangu aache kunyonya, na mbele ya mashahidi.

Anselmi akamshika bega kwa upole. “Umechoka, Injinia. Ni kazi nyingi.” Akamvuta Bakili mbele ya kompyuta. “Ndugu yangu, tazama mwenyewe. Giga ishirini, kamili. Jumanne zilikuwa nane. Nani kafanya? Huyu. Kwa mikono yake. Nilikuwa naye, tulikwenda kula samaki, tukarudi, tayari.”

Bakili akasoma kioo mara mbili. Akamgeukia Uwesu, na macho yake hayakuwa tena ya hasira. Yalikuwa ya mtu aliyedhulumiwa. “Kumbe unaweza. Kumbe kwangu umefanya makusudi.”

“Wallahi sijui kitu! Muulizeni Chandu! Chandu, waambie waya ni waya tu!”

“Waya wa babu yangu?” Chandu akasema, amekunja uso. “Mimi niliona mwenyewe tausi wamekwenda. Usinitukanie mzee.”

“Mimi tapeli! Ta-pe-li!”

“Tapeli gani anajitangaza?” kijana mmoja wa Bakili akamuuliza mwenzake, na mwenzake akakiri kwamba wa namna hiyo hajapata kumwona.

Watu walikuwa wameshajaa mlangoni. Mmoja alikuwa na kompyuta yake kwenye mkokoteni, imejaa, haimezi tena. Mwingine aliuliza kama huyo bwana anavuta na friji. Uwesu akatazama huku, akatazama huku, mwishowe macho yakamwangukia Josepha. Yeye hakuwa anashangaa wala hakuwa anabishana. Alikuwa anafunga kadi za Sophia kwa utepe mweupe. Hapo Uwesu akaelewa. Ilimchukua muda, lakini akaelewa.

“Mama Allan,” akasema kwa sauti ya chini, ya mtu anayeomba maji. “Unajua. Waambie.”

Josepha akafunga fundo la utepe, akakata ncha kwa mkasi. Akamtazama kwa huruma nyingi sana, akamgeukia Bakili.

“Ndivyo alivyo, baba. Ukimsifu anakataa, hapendi makuu. Hata kwetu alianza hivyohivyo. Mshikeni tu taratibu, atafanya.”

Wakamshika, ingawa si taratibu sana.